Mwalimu kiziwi wa Kaluga na roketi ya karatasi

Leo sina habari ya bei za tiketi wala ya vibali vya ukaazi. Nataka niwaeleze maisha ya mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa Urusi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito tangu utotoni. Hakurusha roketi hata moja maishani mwake. Lakini kila roketi inayopanda leo, iwe ya Marekani, ya China au ile ya majaribio iliyorushwa kule Duqm Desemba 2024, yafuata hesabu aliyoiandika yeye kwa mkono wake, akishatoka kusomesha watoto wa watu.

Jina lake Konstantin Tsiolkovsky. Najua, ulimi watatizika. Nyumbani kwangu tumezoea kumwita Mwalimu tu, na hapa pia nitamwita hivyo mara kwa mara.

Mtaniuliza kwa nini nimemchagua Mrusi. Nina mjukuu wa miaka 11 hapa Maskati, avaa vifaa vya kusikilizia masikio yote mawili. Mwaka huu skuli yake ilifanya mashindano ya sayansi, na mama yake akaambiwa ni bora mtoto asishiriki, kwa kuwa hatoweza kufuata maelekezo ukumbini. Nyumbani nako shangazi zake na khalati zake wakasema mwacheni mtoto, msimchoshe. Wasema kwa huruma, sina shaka. Lakini mimi nimesomesha fizikia na hesabu katika sekondari ya misheni huko pwani ya Kenya miaka thelathini na ushei, na nimeona watoto wangapi waliokalishwa kitako kwa huruma. Basi nikaanza kumsimulia mjukuu wangu habari za Mwalimu, jioni baada ya jioni, na haya mnayosoma ndiyo niliyomsimulia, pamoja na mengine ambayo mtoto wa miaka 11 hayamfai.

Mwalimu alizaliwa Septemba 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan, kusini-mashariki ya Moscow. Baba yake, Eduard, alikuwa na asili ya Kipolandi na alifanya kazi ya serikali ya misitu. Watoto walikuwa wengi, pesa kidogo. Mama yake, Maria, ndiye aliyewaanzisha kusoma na kuandika. Alipokuwa na miaka kama 8 mama huyo alimpa puto dogo lililojazwa hewa nyepesi, lile linalopanda lenyewe ukiliachia, na mtoto akashikwa nalo moyo. Alipenda pia kurusha tiara, na wakati mwengine alifunga kiboksi kidogo kwenye uzi akatia mende ndani, akampeleka angani. Naam, abiria wake wa kwanza alikuwa mende.

Akiwa na miaka 10 akapatwa na homa ile ya watoto inayotoa vipele vyekundu mwili mzima. Akapona, masikio yakabaki mazito. Hakuwa kiziwi kabisa kama wale wasiosikia hata radi, lakini maneno ya watu yalimfikia kama mtu anayesema upande wa pili wa ukuta. Wenye mtoto wa namna hii nyumbani mwajua lile jambo linalouma zaidi. Mtoto acheka wenzake wakicheka, na hajui wamecheka nini. Yeye akaacha hata kucheka, akajitenga.

Miaka mitatu baadaye, 1870, mama akafariki.

Hapo ndipo karatasi ilipoingia maishani mwake. Mvulana huyu alikaa ndani akaanza kutengeneza vitu: vijumba, vigari vya kuteleza kwenye theluji, saa za ukutani zenye vizani vyake. Vyote karatasi na kadibodi, na badala ya misumari alitumia lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua za serikali. Karatasi ilikuwa rahisi, haikudai fundi wala ruhusa ya mtu, na haikumtaka asikie chochote.

Skuli haikumfaa. Familia ilikuwa imehamia mji wa Vyatka, akaandikishwa huko 1869. Lakini atasoma vipi mtu ambaye sauti ya mwalimu haimfikii? Kufika 1873 alikuwa ametoka, na tangu hapo hakukaa tena darasani kama mwanafunzi. Chuo kikuu hakukiona mlango.

Alijisomesha mwenyewe kwa vitabu vya baba yake. Kuna kisa kimoja ambacho kila mwalimu wa hesabu angependa kukihadithia. Alitengeneza chombo cha kupimia pembe, akakitumia akiwa ndani ya nyumba kupima umbali wa mnara wa wazima moto uliokuwa ukionekana mjini. Hesabu ikatoa arshin 400, kama mita 284 hivi za kwetu. Akatoka, akaenda kupima njia yenyewe. Ikatoka sawasawa. Tangu siku hiyo aliiamini hesabu kuliko watu, na kwa hali yake simlaumu.

Mwaka 1873 baba yake akampeleka Moscow, kijana wa miaka 16, peke yake, hasikii, hana jamaa wa kumwegemea. Alikaa huko miaka mitatu. Pesa kidogo alizotumiwa kutoka nyumbani aliziishia kwenye vitabu na dawa za majaribio, mwenyewe akala mkate mweusi na maji. Kutwa alishinda kwenye maktaba, na mkutubi mmoja, Nikolai Fyodorov, aliyekuwa mtu wa fikra nzito, alimchunga kwa kumpa vitabu. Darasani mwalimu husema na masikio ya mwanafunzi. Maktabani kitabu husema na macho. Kwa hiyo kijana akapata hesabu ya juu, fizikia, kemia na elimu ya nyota bila kumsikiliza mtu. Baba alipopata habari jinsi mwanawe alivyokonda, akamrudisha nyumbani 1876.

Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu akapasi, na mwaka uliofuata akapangiwa mji mdogo wa Borovsk kusomesha hesabu na jiometri. Huko huko akaoa binti wa padri aliyempangisha nyumba, Varvara Sokolova. Tafadhali lishikeni jina la huyu mama, nitarudi kwake.

Mwaweza kujiuliza mtu asiyesikia asomeshe vipi. Alitumia pembe za kusikilizia, mfano wa mrija mpana wa bati, alizozitengeneza mwenyewe. Mwanafunzi akija ubaoni kujibu, Mwalimu ategesha pembe sikioni, mdomo mpana wamwelekea mtoto. Na alifundisha kwa kuonesha. Wanafunzi wake waliona mashine za umeme, waliona maputo. Puto moja lilikuwa la karatasi, kubwa, na chini yake alifunga wavu wa waya mwembamba, juu ya wavu akaweka vijiti vinavyowaka ili hewa ya moto ilinyanyue. Likapanda kwa kadiri ya uzi aliolifungia. Siku moja ncha ya uzi ikaungua, puto likaponyoka likaelekea mjini likidondosha cheche, likatua juu ya paa la fundi viatu. Fundi viatu akalikamata puto, akaliweka kizuizini. Kumbukeni, nyumba za mji ule zilikuwa za mbao. Mjukuu wangu alicheka mpaka akavua vifaa vyake, lakini mimi nafikiri fundi viatu alikuwa na haki.

Miaka ya Borovsk ilimpa pia fundisho la mtu anayesoma peke yake. Mwaka 1881 aliandika kazi ndefu kuhusu mwenendo wa gesi akaipeleka Petersburg kwa wanasayansi. Jibu likaja kwamba mambo hayo yamekwisha gunduliwa karibu miaka 25 nyuma. Yeye hakujua, vitabu vipya havikumfika. Hata hivyo wale wakubwa waliona kwamba mtu aliyeyafikia mambo hayo peke yake, katika mji wa mashambani, si mtu wa kupuuzwa. Mwaka 1887 nyumba ikaungua moto, makaratasi na vielelezo vikateketea. Akaanza upya. Mwaka 1892 akahamishiwa mji wa Kaluga, kando ya mto Oka, na huko akakaa mpaka kufa.

Kaluga ndiko alikoishika roketi. Haki isemwe, roketi si jambo alilolibuni yeye. Wachina walizijua zamani sana, na huko Sham karne ya 13 Hassan al-Rammah aliandika kitabu kizima kuhusu baruti na silaha zake, roketi zikiwemo. Na huko Uingereza mtu aitwaye William Moore alikwisha kuipigia roketi hesabu mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini zote hizo zilikuwa fataki na silaha. Mwalimu aliuliza jambo jengine: je, chombo hiki chaweza kumtoa mtu duniani? Mwaka 1897 akaandika hesabu ambayo hadi leo yajulikana kwa jina lake.

Nitawaeleza hesabu hiyo kwa dau, maana huku kwetu dau halihitaji maelezo. Jitie katikati ya bahari tulivu, ndani ya dau lisilo na kasia wala tanga, limejaa mawe. Ukirusha jiwe moja kwa nguvu upande wa shetri, dau litasogea kidogo mbele. Rusha jengine, litasogea tena. Jiwe la mwanzo lilisukuma dau zito, limejaa, kwa hiyo halikufanya kubwa. Jiwe la mwisho lasukuma dau tupu, nalo laruka. Sasa mtu aliyetaka kasi maradufu atafikiri apakie mawe maradufu. Thubutu! Yale mawe ya ziada lazima nayo yabebwe kabla hayajarushwa.

Roketi ndiyo dau hilo, na mawe ni moshi wake. Tuseme moshi watoka kwa kasi ya kilomita 3 kwa sekunde, kiasi ambacho mafuta ya taa na oksijeni ya maji huweza kutoa. Ukitaka roketi yenyewe ifikie kilomita 3 kwa sekunde, katika kila kilo 100 za kuondokea kilo 63 ziwe mafuta. Ukitaka kilomita 6, mafuta yawe kilo 86. Ukitaka 9, yawe kilo 95, na kwenye zile 5 zilizobaki ndimo mtie chuma, injini, chakula na bin Adamu. Na kuizunguka dunia kwahitaji kilomita karibu 8 kwa sekunde, mbali na zinazopotea njiani kwa hewa na kwa uzito. Hapo ndipo mtu aona kwa nini fataki haendi mwezini hata uipakie baruti ya ghala zima.

Mwalimu hakukata tamaa kwa hesabu hiyo. Katika makala iliyochapishwa 1903 kwenye jarida moja la sayansi la Petersburg alipendekeza kuachana na baruti, zitumike haidrojeni na oksijeni zilizogandishwa zikawa maji, kwa kuwa moshi wake watoka kwa kasi zaidi. Na 1929 akaeleza roketi za kuungana kama behewa za gari la moshi: moja ikimaliza mafuta yadondoka, inayofuata yaendelea ikiwa nyepesi. Sisi tuliokulia Malindi jambo hili lilikuwa mlangoni petu, wala hatukulijua. Waitaliano walikuwa na minara yao baharini pale Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka pale setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kutazama nyota kwa miale ya eksirei. Roketi iliyoibeba iliitwa Scout, nayo ilikuwa na vipande vinne vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikidondoka kimoja kimoja. Hesabu ya Kaluga, juu ya bahari ya Ngomeni.

Hebu sasa tutengeneze roketi, maana mwalimu mstaafu hawezi kukaa bila kufanya majaribio. Hii ni ya karatasi, na haitaki moto wala baruti. Narudia, baruti hapana, vichwa vya kiberiti hapana. Nilipokuwa nikisomesha kila mwaka kulikuwa na kijana mmoja aliyetaka kujaribu, na kila mwaka nilimnyang'anya.

Tafuta bomba la maji la plastiki la nusu inchi, urefu kama mita moja, na chupa tupu ya soda ya lita 2. Mdomo wa chupa uungwe na bomba kwa tepu nyingi, hewa isipenye. Chupa ilale chini, ncha ya bomba iinuliwe ikielekea uwanjani. Sasa chukua karatasi moja ya kawaida ya kuandikia, izungushie bomba iwe kama mrija, uifunge kwa tepu. Iteleze kwa urahisi, lakini isipwaye. Juu yake utie kofia iliyosokotwa kama karatasi ya muuza njugu, imeshikizwa vizuri. Hewa ikivuja kichwani, roketi haiendi popote. Chini ubandike mapezi matatu au manne ya kadibodi nyembamba, yaliyonyooka na kulingana. Ndani ya kofia tia kidonge kidogo cha udongo wa kuchezea. Ivalishe kwenye bomba, hakikisha hakuna mtu mbele wala anayechungulia bomba, kisha ruka kwa miguu miwili juu ya chupa.

Ile ya kwanza tuliyorusha mimi na mjukuu wangu haikuwa na mapezi, makusudi. Ikatoka, ikapinduka, ikabiringika hewani kama jani la mkungu, ikaanguka hatua sita. Tukatia mapezi bila udongo, ikaenda hatua 14 ikiyumba. Tukatia udongo kichwani, ikaenda hatua 31 imenyooka kama mshale, na siri yenyewe ndiyo ya mshale: uzito mbele, manyoya nyuma. Kabla ya kurusha mwaweza kuijaribu. Ilaze juu ya kidole mpate mahali inapolala sawa, mfunge uzi hapo, kisha uizungushe juu ya kichwa. Ikitangulia pua, ni salama. Ikienda kombo au ikitangulia mkia, ongeza udongo au kuza mapezi.

Kijana hakuhitaji kusikia neno lolote katika kazi hii. Aliandika kila mruko kwenye daftari, tarehe, idadi ya mapezi, hatua. Siku ya tatu alinionesha kwamba pua iliyochongoka sana haikuwa bora sana kuliko ya mviringo, jambo ambalo mimi nilidhani najua jibu lake.

Mwalimu naye alifanya kazi kama hiyo, kwa uzito zaidi. Mwaka 1897 alijitengenezea chombo cha kupuliza upepo nyumbani Kaluga, kati ya vya kwanza vya aina yake Urusi, akawa aweka mbele yake vielelezo vya maumbo mbalimbali vya karatasi ngumu, kupima upepo wavisukuma kwa nguvu gani. Taasisi ya Sayansi ya Urusi ikampa rubo 470 aendeleze majaribio. Kwa ninavyojua ualimu, msaada huo ulimfurahisha kuliko mshahara wa miaka mingi.

Kidogo niwe mkali kama mwalimu. Roketi yetu ya chupa kwa haki si roketi. Ni kama kokwa inayopulizwa kwenye mrija, ikishatoka kwenye bomba haina kinachoisukuma tena. Roketi ya kweli yabeba ndani yake kile itakachokitupa nyuma. Ukitaka kuiona, pitisha uzi ndani ya mrija wa kunywea juisi, ufunge uzi huo ukuta kwa ukuta, bandika puto lililojaa kwenye mrija kwa tepu, kisha uliachie mdomo. Puto hilo ndilo dau la mawe.

Narudi kwa Varvara. Alimzalia mumewe watoto saba. Mwanamume anasomesha asubuhi, alasiri na usiku yumo katika chumba chake cha kazi, mshahara wa mwalimu, na sehemu ya mshahara huo yaliwa na bati, karatasi na gharama za kuchapisha vijitabu vyake. Mtoto mmoja alifariki akiwa mdogo sana. Mwaka 1902 kijana wao Ignaty, mwanafunzi hodari, alijiua akiwa Moscow. Ivan alifariki 1919, Anna 1922, Alexander naye akajiua 1923. Kati ya saba, watano walitangulia mbele ya baba yao. Vitabu vingi vya kumsifu Mwalimu hupita hapa mbio mbio. Mimi sikumsimulia mjukuu wangu, lakini nyinyi watu wazima nawaambia, kwa sababu nyumba yenye mtu wa fikra kubwa huwa na mtu mwengine anayepika, anayefua na anayelia. Sitaki kumhukumu baba aliyepoteza watoto watano. Nasema tu kwamba mama alikuwepo pia.

Na si kila alichokiandika chanipendeza. Alikuwa na falsafa zake, nyengine za kuchagua nani azae na nani asizae ili kizazi kiwe bora, na hizo siziafiki hata chembe. Ajabu ni kwamba zilitoka kwa mtu ambaye wengine wangeliweza kumhesabu yeye mwenyewe kuwa na kasoro.

Misiba mengine ilifuatana. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika ukaingia nyumbani, makaratasi yakaharibika. Mwaka 1911 binti yake Lyubov alikamatwa na polisi wa mfalme kwa mambo ya siasa. Baada ya mapinduzi, mwaka 1919, yeye mwenyewe alikamatwa akapelekwa Moscow, akawekwa ndani kama wiki mbili, akaachiwa. Makala yake ya 1903 haikusomwa na wengi, na jarida lililoichapisha halikuendelea. Sehemu ya pili ilingoja mpaka 1911 na 1912. Kwa majirani alikuwa mzee wa baiskeli na pembe ya bati, mwalimu wa skuli ya wasichana mwenye maneno ya ajabu.

Mambo yaligeuka akiwa mzee. Mwaka 1921, ameshastaafu, serikali mpya ikampa pensheni ya maisha. Mwaka 1923 Hermann Oberth, huko Ujerumani, akatoa kitabu kuhusu roketi za kwenda anga za juu, na Mwalimu mara moja, 1924, akaichapisha upya ile kazi ya 1903 pale pale Kaluga, dibaji yake kwa Kijerumani, ili wajue nani alitangulia. Mwaka 1926 Robert Goddard akarusha kule Massachusetts roketi ya kwanza ya mafuta ya maji, ikaruka kwa sekunde mbili na nusu na kufika mita 12 na kitu. Mita 12! Roketi ya mjukuu wangu yaweza kuishindania. Lakini ile ya Goddard ilikuwa imebeba mafuta yake ndani, kama Mwalimu alivyoagiza.

Mwaka 1932, alipotimiza miaka 75, alipewa nishani. Alifariki Kaluga tarehe 19 Septemba 1935, kwa saratani ya tumbo. Varvara alimfuata 1940. Miaka 22 baada ya kifo chake, tarehe 4 Oktoba 1957, wiki chache tu baada ya kutimia miaka mia tangu azaliwe, Warusi walirusha Sputnik, na roketi iliyoipandisha ilikuwa ya vipande vya kudondoka. Mwaka 1961 Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alikwenda Kaluga akaweka jiwe la msingi la jumba la makumbusho ya safari za anga, lililofunguliwa 1967.

Nyumba yake mwenyewe ipo, nayo ni makumbusho tangu 1936. Ni ya mbao, haina ukubwa. Juu kuna chumba chake cha kazi na kibaraza alichofanyia ufundi, na hapo kuna mlango mdogo unaotokea juu ya paa, ambao kwa mzaha waitwa mlango wa kwendea anga za juu. Pembe zake za bati zimehifadhiwa, kubwa na ndogo, na mtu akizitazama aona kwamba hazikutoka dukani.